Chuo Hakuna Kengele

Wiki jana, saa nne usiku, mpwa wangu alinitumia picha ya sanduku la bati. Ni lile la shule ya bweni, buluu iliyochubuka pembeni, jina la mama yake limepakwa rangi na lake likaandikwa juu. Chini ya picha ameuliza: "Mjomba, nije nalo?"

Ameitwa Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea sayansi ya chakula. Tangu barua itoke, simu yangu haijapata usingizi. Sare ipo? Taa huzimwa saa ngapi? Siku ya wazazi ni mwezi gani? Kwetu Taita hana mwingine wa kumuuliza. Mimi ndiye niliyetangulia kuja huku kusoma, mwaka 2009, katika chuo kingine ambacho sitakitaja, na nyumbani wote wanajua kwamba nilirudi na shahada. Wanachokijua ni nusu ya hadithi. Nusu iliyobaki naiandika leo, kwa sababu itamfaa kuliko ushauri wowote kuhusu sanduku.

(Sanduku liache, mwanangu. Chumba ni kidogo, na hakuna atakayekuja kulikagua.)

Kwanza nimtoe ndotoni. Anadhani anakuja kuishi katikati ya jiji, atoke darasani na kuingia moja kwa moja Kenyatta Avenue. Chuo Kikuu cha Nairobi hakiko mahali pamoja. Yale majengo ya University Way, karibu na hoteli ya Norfolk na Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, ni kampasi kuu tu. Kuna Chiromo, kuna Lower Kabete kwa watu wa biashara, Parklands kwa wanasheria, Kikuyu kwa walimu, na madaktari wako kando ya Hospitali ya Kenyatta. Watu wa kilimo, mifugo na chakula wako Upper Kabete, ambako ukilala karibu na dirisha unaweza kuamshwa na ng'ombe. Barua ya kuitwa isomwe hadi mstari wa mwisho. Mwenzangu mmoja alilipa kodi ya miezi miwili Ngara, akaja kugundua siku ya kujisajili kwamba masomo yake yote yako upande mwingine wa jiji. Mwenye nyumba hakurudisha hata senti.

Siku ya kujisajili yenyewe ni foleni. Toa nakala za kila kitu ukiwa bado Voi: cheti cha matokeo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, barua, fomu ya daktari, picha ndogo za pasipoti. Karibu na lango la chuo wiki hiyo, bei ya fotokopi hupanda kama nyanya msimu wa ukame. Beba chupa ya maji. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea.

Sasa tuje kwenye kengele.

Shule ya bweni hukulea kwa kengele. Kengele ya kuamka, ya uji, ya prepu, ya kulala. Ukichelewa unaulizwa, na ukikosekana kabisa mwalimu wa zamu atakusaka hadi chini ya kitanda. Ukifika chuo, kengele inanyamaza. Wiki ya kwanza utaona raha ajabu. Kufikia wiki ya tatu utakuwa umekosa madarasa manne ya saa mbili asubuhi na hakuna kiumbe aliyekuuliza ulikuwa wapi. Hapo ndipo mafresha wengi hukosea hesabu: hudhani kutoulizwa ni kusamehewa. Kumbe chuo kinaandika kimyakimya. Karatasi ya mahudhurio inazunguka darasani, na vyuo vingi vina kiwango ambacho ukikikosa hukalii mtihani. Utalijua hilo siku jina lako litakapokosa kwenye orodha.

Kwa chuo, wewe ni nambari ya usajili yenye mikwaju (/) miwili katikati. Sisemi hivyo kwa uchungu. Watu ni maelfu, na ofisi ina makatibu wawili na printa moja inayokwama. Lakini ukishaelewa hivyo, utajua kwamba kazi ya kukumbuka ulichokifanya, lini, na kwa nani, ni yako.

Mimi sikuelewa.

Alama hukusanywa hivi: katika kozi nyingi, 30 hutoka kwenye CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula, na kazi za muhula, 70 hutoka kwenye mtihani wa mwisho. Arobaini umepita, sabini kwenda juu ni A. Hesabu ni rahisi. Mtihani mgumu ni ile safari ya alama kutoka kwenye karatasi yako hadi kwenye tovuti ya chuo. Mhadhiri asahihishe, aandike orodha, orodha ifike idarani, mtu aketi aiingize kwenye kompyuta. Kila kituo cha safari hiyo zinaweza kuanguka. Uliza mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu Kenya hii kuhusu alama zilizopotea, kisha tafuta kiti, kwa sababu hatamaliza leo.

Mwaka wa pili tulisoma takwimu. Mhadhiri wetu alikuwa wa muda, mtu wa watu, akija na pikipiki na kuondoka na pikipiki. CAT nilipata 22 kati ya 30. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilimwonyesha kila aliyekubali kuangalia. Kisha ile karatasi nikaiuza. Sitanii. Nje ya lango palikuwa na mama wa mandazi aliyenunua karatasi kuukuu kwa kilo, na muhula ulipoisha nilikuwa nimesota vibaya, nikampelekea madaftari, karatasi, kila kitu. Takwimu zangu zilifungiwa mandazi.

Matokeo yalipotoka, penye takwimu palikuwa na kistari. Yuniti nyingine zote, yaani masomo mengine ya muhula, zina alama, takwimu, kistari. Nikamuuliza mwenzangu wa chumba, akaniambia, "Hiyo hujirekebisha yenyewe." Nikamwamini, maana ndilo neno nililotaka kulisikia. Kistari kikakaa mwaka, kikakaa miwili. Mwaka 2013 orodha ya mahafali ikabandikwa. Nikajitafuta kwenye daraja la pili la juu, sipo. Nikashuka daraja la pili la chini, sipo. Nikashuka hadi kwa waliopita tu, kisha nikarudi juu nikaanza upya, kama mtu anayetafuta funguo katika mfuko aliokwisha kuupekua mara tatu.

Nyumbani Mama alikuwa ameshashona nguo. Mbuzi alikuwa ameshachaguliwa, na nadhani hata mbuzi mwenyewe alishajua. Nikapiga simu nikasema chuo kimeahirisha mahafali, mambo ya migomo ya wahadhiri, tusubiri. Wakaniamini, kwa sababu migomo ya wahadhiri nchini mwetu haihitaji ushahidi. Mwaka mzima nikaishi ndani ya uwongo huo, nikipangisha chumba cha mabati, nikiwafundisha watoto wa watu hisabati jioni ili nile. Kampuni moja ilikuwa imenikubali kwa sharti la cheti. Haikunisubiri. Dada, kama unasoma hapa, ndiyo mara yako ya kwanza kuyasikia haya. Pole. Mbuzi alikuwa mtamu ulipofika wakati wake.

Mhadhiri wa pikipiki alikuwa ameshaondoka nchini, nambari yake haipatikani. Idara ikaniambia nilete ushahidi kwamba CAT niliifanya. Ushahidi, kama ulivyosikia, ulikuwa umefungiwa mandazi. Wiki tatu nilikwenda kwenye meza ya katibu wa idara kila asubuhi. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango wake miaka minne bila kujua jina lake, na sasa nilitaka afungue makabati kwa ajili yangu. Kuna mwenzetu mmoja, mtu wa Busia, aliyekuwa na kistari kama changu katika yuniti nyingine. Yeye tangu mwaka wa kwanza alikuwa akipita pale kumjulia hali yule mama katibu, akiuliza habari za watoto. Kistari chake kiliondoka kwa siku mbili. Wakati ule niliita upendeleo. Siku hizi naona kwamba alijua tu amwombe nani, na mama alijua anamtafutia nani.

Hatimaye mama yule ndiye aliyenitoa. Alipata karatasi ya mahudhurio ya chumba cha mtihani, sahihi yangu ipo. Mtihani ukathibitika, CAT haikuthibitika. Uamuzi ukawa niifanye upya pamoja na mwaka wa pili. Nikaketi nyuma ya darasa la watoto walionichukulia kuwa msimamizi. Msichana mmoja alinyoosha mkono akaniambia, "Mwalimu, naomba karatasi ya ziada." Nikampa yangu.

Kwa hiyo, mpwa wangu, badala ya sanduku nunua faili za plastiki, zile zenye kitufe, moja kwa kila muhula. Kila CAT iliyorudishwa iingie humo. Kadi ya mtihani, risiti ya ada, fomu ya kusajili yuniti, vyote humo. Vipige picha na ujitumie kwa barua pepe, kwa sababu simu Nairobi huibiwa. Matokeo yakitoka, yasome yote siku hiyohiyo, usisome zile A tu. Ukiona kistari, andika barua siku hiyohiyo. Na hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: kila barua unayopeleka ofisini, peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri na tarehe urudi nayo. Mtu akikuambia hajawahi kuiona barua yako, hutahitaji kupandisha sauti.

Na usisahau kusajili yuniti zenyewe kila muhula kabla tarehe haijapita. Kuna watu hukaa darasani wiki zote, wakafanya mtihani wote, kumbe kwenye tovuti hawajawahi kuisomea hiyo yuniti.

Kuhusu wahadhiri, utaambiwa ni watu wa kuogopwa. Wengine ndivyo walivyo. Mwenye shahada ya uzamivu muite Daktari, aliye Profesa muite Profesa, na hilo huwa linamaliza nusu ya matatizo. Usiende ofisini ukasema "sikuelewa mada." Nenda na daftari, weka kidole mahali ulipopotelea, sema: nimefika hapa, hapa ndipo giza lilipoanza. Sijawahi kuona mhadhiri aliyemfukuza mtu wa namna hiyo, hata wale wakali. Keti mbele darasani wiki mbili za kwanza. Si kwa sababu ya kujipendekeza, vipaza sauti huwa vibovu na nyuma hakusikiki kitu.

Mitihani ya miaka iliyopita tafuta mapema. Maktaba huiweka, na wa mwaka wa pili watakupa ukiwaomba kwa adabu. Ukiipitia ya miaka minne au mitano utaona maswali yanavyorudi yakiwa yamebadilisha shati. Huo ni usomaji halali. Kisicho halali ni mwakenya. Hilo neno utalisikia wiki ya mtihani: kikaratasi kilichokunjwa mara nane, kikafichwa kwenye soksi au ndani ya kikokotoo. Jina limetokana na lile vuguvugu la siri la miaka ya 1980, lililopigwa vita na serikali ya wakati huo kwa sababu ya maandishi yake ya kichinichini. Watu waliwekwa kizuizini kwa ajili ya karatasi zile. Leo mtoto anaita hivyo kikaratasi cha fomula. Ukikamatwa nacho unaweza kusimamishwa masomo au kufukuzwa, na sijaona fomula yenye thamani hiyo.

Kazi za kikundi, nitakueleza kwa ufupi: katika watu sita watafanya kazi wawili, na mmoja atakuwa wewe. Chagua mapema yule wa pili.

Sasa pesa. Zama zetu ilikuwa rahisi kueleza. Aliyeingia kupitia serikali alilipa ada ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ilikopesha kati ya 35,000 na 60,000. Tangu 2023 wanafunzi wapya wamepangwa katika makundi kulingana na uwezo wa nyumbani, sehemu ya ada ikawa ufadhili, sehemu mkopo, sehemu ya familia. Mfumo huo umezozaniwa sana. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka Katiba, kesi ikapanda Mahakama ya Rufani. Wewe usisubiri majaji. Omba ufadhili na mkopo dirisha likiwa wazi, na kama umewekwa katika kundi ambalo mama yako, mwenye kibanda cha mboga, hawezi kulilipia, kata rufaa na uambatishe karatasi za kuonyesha hali halisi. Halafu jambo linalowaponza wengi mwaka wa pili: mkopo wa HELB huombwa upya kila mwaka. Ukishapata mara moja haujiendei. Na ni deni la kweli, lenye riba, litakalokungoja ukimaliza.

Sehemu ya masomo huenda chuoni, na ya kujikimu huja kwako. Watangulizi wetu waliiita bumu. Bumu langu la kwanza nilinunua wufa. Ilikuwa na taa za kumeta na mlio uliotikisa vikombe vya chumba cha tatu. Kufikia wiki ya tisa nilikuwa nakunywa strungi na mkate mkavu huku nikisikiliza muziki safi kabisa. Wufa nikaiuza nusu bei kwa fresha aliyenifuata.

Nilichojifunza mwaka wa pili ni hiki. Pesa zikiingia, siku hiyohiyo lipa kodi ya muhula mzima ukiweza. Kisha nunua vitu visivyooza: unga, mchele, ndengu, maharagwe, mafuta, sabuni, na ujaze mtungi wa gesi wa kilo 6. Kinachobaki kigawe kwa wiki za muhula, na kila Jumatatu jipe sehemu moja tu. Zile nyingine zifungie M-Shwari, akiba ya kwenye simu, au mtumie mama yako azishike. Mama hana huruma na pesa ya maandazi. Mikopo ya simu iogope. Ukianza kula kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kila shilingi inayoingia inamezwa kabla hujaiona. Na kubashiri mechi usikuguse. Mwenzangu wa chumba, yuleyule wa "hujirekebisha yenyewe", aliwekea timu moja ya Uingereza ada ya muhula. Timu hiyo bado inacheza. Yeye hakumaliza.

Mahali pa kulala: mwaka wa kwanza kazania chumba cha hosteli ya chuo. Vyumba huombwa mtandaoni na huisha haraka, kwa hiyo kaa macho. Utakuta pia kuna "mapirati", wanafunzi wasio na chumba wanaojibanza kwa wenzao, wawili kitanda kimoja. Utakuwa na huruma, na huruma ni nzuri, ila kubaliana na mwenzako wa chumba mapema nani analala na hadi lini. Jiko la koili usilete, ni marufuku na waya za hosteli nyingi ni za tangu enzi za babu.

Ukikosa hosteli, wenzako wengi wa Upper Kabete hupanga Kangemi au Uthiru. Hapo uwe mkali kama mnunuzi wa ng'ombe. Usilipe nyumba kwa simu hujaiona; picha nzuri ya bedsita isiyokuwapo imewaliza wengi. Nenda uione mchana, kisha urudi jioni ujue njia ikiwa giza inakaaje. Muulize mpangaji, usimuulize dalali: maji huja siku gani? Umeme ni wa tokeni yako mwenyewe au mnachangia mita? Lango linafungwa saa ngapi? Mvua ikinyesha ghorofa ya chini inakuwaje? Dalali atataka pesa ya kukuonyesha nyumba. Mwambie utampa ukishapata. Akikataa, nyumba alikuwa hana.

Chakula sitakaa sana, wewe ndiye unayekuja kukisomea. Kibandani chapo na ndengu itakushibisha, smokie ya barabarani itakudanganya. Nunua mboga soko la Kangemi jioni wakati akina mama wanataka kurudi nyumbani. Na jifunze kupika na mtu. Sufuria moja ya watu watatu ni nafuu kuliko sahani tatu.

Mjini utakwenda, najua, ndiyo ndoto yenyewe. Uliza nauli kabla ya kupanda. Mvua ikidondoka, hata tone, nauli hupanda, kwa hiyo tembea na akiba ya kurudi. Ukikaa dirishani kwenye matatu, simu iwe mfukoni na dirisha lifungwe, hasa kwenye foleni ya magari. Mkoba wenye laptopu uvae kifuani bila aibu. Lakini usiwe mtu wa kuogopa jiji hadi ulikose. Ingia maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931. Ni kimya, na madirisha yake yanakufanya ujione msomi hata kama umefungua ukurasa mmoja tu. Vitabu vya mtumba vipo kandokando ya barabara, vimetandazwa chini, ndiyo maana watu huita duka la inama. Huko nilinunua kitabu cha takwimu kwa shilingi 150 katika ule mwaka wangu wa tano usiokuwa na jina. Na siku kichwa kikijaa, nenda Arboretum, ukae chini ya mti ambao haukuulizi chochote.

Kichwa kitajaa. Hilo nalo nilitaka nikuambie bila kukuzungusha. Muhula wa kwanza kila mtu atakutaka: makundi ya ibada, chama cha watu wa kwetu, kwaya, mpira, na hao wagombea wa uongozi wa wanafunzi watakaokuita "komredi" na kukununulia soda hadi siku ya kura. Ingia mawili, usiingie saba. Kisha ile shamrashamra itapungua, utabaki na jioni ndefu, na pengine utagundua kwamba hii kozi uliichagua ya tatu na moyo wako bado uko kwa uuguzi. Kuhama kozi kunawezekana, kuna utaratibu na kuna tarehe, mengine chuoni mwenyewe na mengine kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, ila husubiriwi. Uliza wiki za kwanza.

Mimi katika mwaka wangu wa uwongo nilijifungia chumbani wiki mbili. Nilikuwa naona haya kukutana hata na muuza maziwa. Chuo kilikuwa na ofisi ya ushauri nasaha, bure, hatua mia tatu kutoka maktaba, na miaka yote nilidhani ni ya watu waliofanya makosa. Nilikwenda kwa sababu yule mama katibu alinitazama uso akaninyanyua kitini, akanipeleka yeye mwenyewe hadi mlangoni. Kwa hiyo ukiona siku tatu hujatoka nje, nipigie. Usiseme uko sawa. Nitajua, kwa sababu huo uwongo niliutumia kabla hujaanza darasa la kwanza.

Nilipomaliza kuandika haya nimempigia dada ili nimwambie kuhusu faili za plastiki na lile sanduku. Faili amekubali. Kuhusu sanduku nimemweleza kwamba chumba ni kidogo, kwamba siku hizi watu hubeba mikoba, kwamba hakuna atakayelikagua. Amenisikiliza hadi mwisho, halafu akasema: "Linakuja. Kufuli nimeshanunua."

Jumapili wanapanda ile treni ya asubuhi inayosimama Voi. Mchana nitakuwa Syokimau, nikiulizana bei na watu wa kubeba mizigo.